Ubeti wa Pili

Katika ndoa yao yote, uongo wa Maduhu haukuwahi kumvunjia mtu hata kikombe. Limi aliuzoea kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani. Mumewe alikuwa manju wa kundi la ngoma la Wagika, yaani mtunzi na mwimbaji wao, na manju asiyejisifu ni kama fahali asiye na nundu: atanunuliwa, lakini hakuna atakayesimama njiani kumtazama. Kwa hiyo Maduhu alisimulia kwamba kiangazi kimoja aliimba mpaka fahali wa mzee Mayala akatoa machozi, wakayakinga kwa kibuyu, wakanyweshea ndama. Alisimulia pia habari za Kolandoto, siku aliposhindana na manju wa Wagalu, kundi pinzani. Ngoma huko haina jaji. Makundi mawili huimba kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watu huenda kwenye wimbo unaowavuta. Atakayebaki na watu ndiye mshindi. Siku hiyo, kwa maneno ya Maduhu, yule Mgalu alihamwa na watu wote, akahamwa na wapiga ngoma wake, mwisho akahamwa na mke wake mwenyewe.

Siku hizi hakuimba. Miaka ya kutoboa mwamba kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya Geita, ilimjaza vumbi kifuani, na kutoka kitandani hadi barazani kulimtaka apumzike mlangoni, mkono kwenye fremu, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Lakini kusimulia hakuhitaji pumzi nyingi. Kwa hiyo watu wa televisheni walipotangaza kuwa wanakuja Kagongwa, Limi hakuhangaikia mdomo wa mumewe. Alihangaikia viti.

Viti aliazima kanisani. Soda alikopa kwa Philomena mwenye duka. Kuta za sebule zilipakwa chokaa. Binti yao Violeth alikuwa kambini Dar es Salaam, mmoja wa waimbaji watano ambao kati yao nchi ingemchagua mmoja akaiwakilishe kwenye mashindano ya nyimbo ya mataifa ya Afrika. Pale mtaani uchaguzi ulishafanyika zamani. Wanne waliobaki walihesabiwa kuwa wasindikizaji.

Boaz, kijana wa kamera, aliingia sebuleni, akaitazama chokaa mpya, akatazama vitambaa vya makochi, akatikisa kichwa.

"Mama, hakuna sehemu yenye uhalisia zaidi? Pale nje jikoni naona pamekaa vizuri."

"Pale ni pa kuku, mwanangu."

"Hapo hapo. Na huna kanga ya kawaida? Ya kazini?"

Limi alivua kitenge alichokitunza kwa harusi za watu, akavaa kanga ya kupepetea mpunga yenye tundu begani, akaambiwa ashike ungo. Alipepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. Viti vya kanisani vilibaki ndani vikitazamana.

Kisha Boaz akamgeukia Maduhu, aliyekaa kwenye kigoda amevaa shanga zake za ngoma. "Mzee, mara ya kwanza kuusikia wimbo wa binti yako, ulijisikiaje?"

Limi aliona shingo ya mumewe inanyooka.

"Kuusikia?" Maduhu alisema. "Kijana, anayeusikia ni wewe. Wimbo huo mimi niliuimba Kolandoto, wewe hujazaliwa. Kuna Mgalu mmoja, jina silitaji kwa sababu wajukuu zake ni watu wazuri. Siku hiyo alibaki uwanjani na mbwa. Na mbwa mwenyewe alikuwa kilema, vinginevyo angekuja kwangu."

Boaz alicheka hadi kamera ikatikisika. Limi naye alitabasamu ndani ya ungo. Alijua wimbo ule ulikuwa wa Violeth tangu neno la kwanza. Alimwona akiutunga pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akipigapiga vidole juu ya gunia. Lakini alielewa mumewe anafanya nini. Manju akileta wimbo uwanjani hutanguliza majina ya walioshindwa nao. Wimbo ambao haujamshinda mtu ni ndama wa juzi, nani atampisha njia? Maduhu alikuwa akimpandishia binti yake thamani, kwa namna pekee aliyoijua.

Kipindi kilirushwa Jumamosi. Watu walijaa dukani kwa Philomena, wakapiga vigelegele ungo ulipoonekana, na habari ya mbwa ilipofika, Masalu alirusha kofia juu. Masalu ndiye aliyekuwa akimpigia Maduhu ngoma tangu ujana wao. Alipita nyumba hadi nyumba jioni ile akisema, "Mmemwona Manju? Kifua kibovu, lakini bado anaua!"

Kesho yake, watu wakitoka ibadani, Violeth alipiga simu. Alikuwa akilia.

"Mama, Baba amesema nini jamani?"

"Amesema kama anavyosema siku zote. Kwani kuna nini?"

"Kuna kanuni, Mama. Wimbo lazima uwe mpya. Usiwe umewahi kuimbwa mbele ya watu, popote. Mimi nimeapa kwa kamati kwamba ni mpya na nimeutunga mwenyewe. Sasa wanasema nimeiba wimbo wa baba yangu."

"Si uwaambie baba yako ni mtu wa maneno?"

"Nimewaambia. Wananiambia, basi wewe ndiye unamwita mzazi wako mwongo ili upate nafasi. Mama, wenzangu hawakai meza moja na mimi." Alivuta kamasi. "Jumatano anakuja mtu wa kamati kuuliza huko huko nyumbani. Akithibitisha, nimetoka."

Limi alirudisha simu kwenye mkunjo wa kanga. Maduhu alikuwa barazani, na masikio yake, tofauti na mapafu, yalikuwa mazima.

"Mpya?" alisema. "Wanataka wimbo mpya? Yaani wanaipeleka nchi vitani na mkuki ambao haujawahi kurushwa?"

"Ndivyo wanavyotaka, Baba Violeth. Jumatano utasema ulidanganya."

"Nitasema nilichanganya."

"Utasema ulidanganya. Kolandoto hukuuimba wimbo ule."

"Kolandoto nilishinda."

"Ulishinda kwa wimbo mwingine. Na mbwa hakuwepo."

"Mbwa alikuwepo," Maduhu alisema, kisha kikohozi kikamshika, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa goti. Limi alimshika mgongo. Kilipomwachia, sauti yake ilikuwa ndogo. "Mke wangu, dhahabu wamechukua wengine. Kifua nimekiacha kule chini. Kilichobaki ni watu kusema Maduhu alikuwa Maduhu. Sasa nisimame mbele ya Masalu niseme nini?"

"Na Violeth yeye abaki na nini?"

Jua lilipozama Maduhu alikuwa bado amekaa pale, akizichambua shanga zake moja moja.

Kulikuwa na jambo ambalo Violeth hakulijua, wala Masalu. Binti alipokuwa akifanya mazoezi chumbani kwake, baba yake alikuwa akilala upande wa pili wa ukuta, uso ukutani, na Violeth aliamini kuwa amesinzia. Lakini baada ya binti kuondoka kwenda kambini, Limi akipita karibu na bafu la mabati nyuma ya nyumba alimsikia mumewe humo ndani, akiimba kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake. Aliimba ubeti wa kwanza, ule wa mama anayepepeta: *Upepo umechukua pumba, mchele umebaki, mimi ni pumba au mchele, Mama?* Kisha akaimba wa pili, na maji yakaacha kumwagika.

*Baba alishuka duarani na sauti,*
*akapanda na kikohozi.*
*Sauti ilibaki chini gizani.*
*Mimi ndiye nimetumwa kuifuata.*

Limi alikuwa amesimama na ndoo yake, hakusogea. Mumewe aliurudia ubeti ule mara nyingi, akiulainisha hapa, akiuvuta pale, bila kubadili neno hata moja. Na kwa manju kutobadili neno la mtu mwingine ni heshima kubwa kuliko kumzawadia ng'ombe.

Jumatano Maduhu alinyoa ndevu. Limi aliliona hilo akashukuru kimoyomoyo.

Mgeni wa kamati aliitwa Agnetha, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye macho ya mtu aliyelala kwenye basi. Alikuja na Boaz na kamera yake. Kabla hata hajapewa kiti, ua ulijaa watu. Masalu alikuwa amesikia kuwa watu wa Dar wanakuja kupinga kwamba Manju aliuimba wimbo Kolandoto, na kwa Mgika hakuna tusi kubwa kama hilo. Alikuwa amekusanya Wagika wa mtaa mzima, na ngoma kwapani.

"Dada, karibu sana, wabeja, asante kwa kuja!" alipaza sauti. "Uliza! Mimi ndiye nilipiga ngoma siku ile. Mkono huu!"

"Na mimi nilikuwepo," alisema mama mmoja, aliyekuwa hajawahi kuvuka Isaka, achilia mbali kufika Kolandoto. "Nilikuwa na mimba ya Benjamini. Mtoto alicheza tumboni mpaka nikakaa chini."

"Mimi ndiye nilimshika yule mbwa," alisema mwingine.

Kila mmoja alisema, na Agnetha alirekodi kila mmoja kwa simu yake. Limi alisimama mlangoni akitazama jinsi watu wanaompenda mumewe wanavyomzika mwanawe, kijiko kwa kijiko, na kila mmoja akimtazama kwa furaha kama anayesema: umeona tunavyokusaidia, Mama Violeth?

"Nyamazeni," Maduhu alisema. Alikuwa amefika mlangoni, akapumzika, akatoka. "Dada, shida yako ni mimi. Wimbo ni wa mwanangu. Sijawahi kuuimba Kolandoto wala kokote. Nilidanganya. Na hawa wote wanadanganya kwa kunipenda."

Masalu akaangua kicheko kikubwa.

"Mmemsikia? Manju anajishusha! Mkubwa akiwa mkubwa sana hujishusha!" Wengine wakapiga makofi.

Agnetha hakucheka. "Baba," alisema kwa upole, "Jumamosi ulisema hivi. Leo unasema vile. Katikati hapo binti yako ameambiwa atatolewa. Wewe ungekuwa mimi ungeamini lipi?"

Maduhu alifikiri kwa haki. "La Jumamosi," alisema.

"Ndiyo shida yangu. Nina mashahidi ua mzima, na anayewapinga ni mzazi." Aliifuta simu yake kwa upindo wa gauni. "Lakini televisheni ilionyesha ubeti wa kwanza tu. Mtu aliyeuimba wimbo miaka na miaka, hawezi kukosa uliobaki. Imba, baba. Mbele ya hawa hawa walioapa. Nisikie kama ni wako."

Limi alishika fremu ya mlango. Mumewe aliujua. Aliujua kuliko alivyojua njia ya kwenda chooni.

Masalu alikuwa ameshaketi na ngoma katikati ya magoti. Aliigusa, ikaitika, na watu wakaanza kusogea bila kuambiwa, kama ng'ombe wanaosikia chumvi. Walimzunguka Maduhu wakiwa wamebanana, watoto wakiwa mbele. Hakuna aliyekuwa amesogea hivyo kwa ajili yake tangu alipotoka Geita. Limi aliona mabega ya mumewe yakirudi nyuma, akaona kidevu kikipanda, akaogopa.

Maduhu akaimba. Ubeti wa kwanza ulitoka mzima. Sauti ilikuwa na mkwaruzo, lakini chini ya mkwaruzo ilikuwepo yenyewe, ile ile iliyomtoa Limi kwa wazazi wake, na kifua, kwa sababu anazozijua Mungu, kilikaa kimya kuisikiliza. Mama mmoja akajifunika uso. Masalu alikuwa akitokwa na machozi huku akipiga ngoma. Boaz alisahau kutazama kamera akawa anatazama kwa macho tu. Agnetha alishusha pumzi kama mtu aliyepata jibu asilolipenda.

*Au mchele, Mama?* Maduhu alimaliza, akafumba macho, akavuta hewa ya ubeti wa pili. Watu wakainama mbele.

"Baba alishuka," Limi alisema moyoni, bila kutaka.

"Ng'ombe wa baba," Maduhu aliimba, "ng'ombe wa baba wana... wana pembe..."

Ngoma ikasita, ikamfuata.

"Wana pembe nzuri," aliimba, na tuni ikapinda, ikaangukia kwenye wimbo wa zamani wa palizi ambao kila mtoto pale aliujua. Akasimama. "Ngoja. Nianze tena." Akaanza tena. Safari hii alisema mbuzi. Akakohoa. Akaimba neno moja la palizi na moja la harusi, akayafunga pamoja kama mzigo wa kuni usio na kamba. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akampiga kofi, kisha mama mwenyewe akacheka.

"Manju, ubeti wa pili!" Masalu alisema kwa meno yaliyobana. "Wowote! Tunga sasa hivi!"

Maana hata hilo angeliweza. Wote walijua angeliweza. Maduhu alikuwa mtu wa kutunga beti huku akitafuna.

"Umenipotea," Maduhu alisema. "Sina."

Waliondoka taratibu kwanza, wa nyuma wakijifanya wameitwa. Kisha wakaondoka wa katikati. Miguu ilikwaruza vumbi, ua ukawa mpana. Maduhu aliendelea kuimba ng'ombe na mbuzi mpaka walipobaki watu wa kamera, mkewe na mpiga ngoma. Masalu alisimama, akaifunga ngoma kwa kitambaa chake.

"Nilisema mbele ya mtaa mzima kwamba mkono huu ulipiga," alimwambia. "Ungeniambia tangu asubuhi kwamba umekwisha, nisingeleta watu." Akatoka bila kuaga.

Agnetha alizima simu. "Inatosha, baba. Samahani sana. Nimeona." Kwa Limi alisema, akiwa tayari mlangoni mwa gari, "Mwambie Violeth aendelee na mazoezi."

Gari lilipoondoka Maduhu aliketi chini, akashindwa kuinuka. Limi alimshika kwapa akamwingiza ndani, akamlaza, akamletea maji ya uvuguvugu. Alikunywa nusu.

"Usimwambie," alisema.

"Nani?"

"Violeth. Mtoto yule hana kabati moyoni, kila kitu anakiweka mezani. Akijua, atasema redioni kwa furaha kwamba baba yake alijifanya amesahau. Kamati itarudi."

Limi aliketi pembeni ya kitanda. Alitaka kusema kwamba ameuona ubeti ukimfika mdomoni, na jinsi alivyoumeza. Badala yake alimfunika miguu.

Wiki zilizofuata hazikuwa nzuri. Jioni barazani hapakuwa na mtu wa kusikiliza habari za fahali aliyelia. Masalu alipita na baiskeli akitazama upande wa mashine ya mpunga. Pale dukani Philomena alimwuliza Limi, mbele ya wateja, kama yule mzee wa ng'ombe na mbuzi anaendeleaje, na kama zile soda za wageni zitakumbukwa, au nazo zimepotea kama ubeti. Limi alilipa soda. Watoto walipocheza walimteua mmoja awe Maduhu. Kazi yake ilikuwa kusahau. Maduhu aliwasikia kupitia dirishani. Siku moja alisema kuwa yule mtoto wa fundi baiskeli anasahau vizuri, ana kipaji. Lakini hakuongeza chumvi yoyote, na Limi aliona hilo ndilo baya zaidi.

Usiku wa uchaguzi mtaa mzima ulikuwa dukani, wao walikuwa nyumbani na redio. Kelele za dukani zilifika kabla ya redio kumaliza jina. Nchi ilikuwa imemchagua Violeth. Vigelegele vilipanda Kagongwa nzima, lori likapiga honi barabarani, na hakuna aliyekumbuka kuja kugonga mlango wao. Maduhu alishika mkono wa Limi akaubana kwa nguvu ambazo mkewe hakujua kama bado anazo.

Simu ilikuja asubuhi. Limi aliweka sauti ya juu, akaishika katikati yao.

"Mama! Mmesikia? Miezi miwili ijayo naondoka! Nimepewa bendera, Mama, bendera yenyewe!"

"Tumesikia, mwanangu. Tumesikia sana."

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Hongera."

"Ahsante." Sauti ya binti ikashuka. "Baba, dada Agnetha alinionyesha ile video. Anasema ndiyo iliyoniokoa. Nashukuru ulikubali kuimba na kifua hicho. Lakini naomba nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Niliimba humo ndani kila siku. Mwaka mzima. Ubeti wa pili ni wako, Baba. Nimeutunga kwa ajili yako. Hata neno moja hukuwahi kulisikia?"

Limi alimtazama mumewe. Midomo yake ilikuwa imejipanga kwa herufi ya kwanza ya ubeti ule, na jicho lake lilikuwa kwenye simu kama jicho la mtu anayetazama chakula cha mwingine. Limi akavuta hewa ili aseme yeye. Maduhu akatikisa kichwa, mara moja.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nasinzia. Dawa hizi."

Kule Dar es Salaam gari lilipita, likapotea.

"Haya, Baba," Violeth alisema. "Pole na kifua. Nipe Mama."

Limi aliitoa simu kwenye sauti ya juu, akaiweka sikioni, akageukia ukuta, akaanza kumwuliza mwanawe kama amekula.